Hogo la Tekle

Kutaisi, mwezi wa Novemba, ngazi za ua zimelowa,
na wewe, miaka minne, unamkimbiza paka wa Khatuna.
Nilisikia kishindo kimoja, kisha kimya.
Kimya ndicho kilichonivunja mimi.

Hospitalini nilikwambia, "Haitauma."
Iliuma.
Ukanitazama juu ya bega la muuguzi
kama mtu aliyerudishiwa chenji pungufu,
na njia nzima hukuniuliza kitu,
hata tulipovuka daraja, Rioni umefura chini yetu,
mto ambao kila siku huuuliza unakwenda wapi.

Walikufunga hogo kuanzia vidoleni hadi pajani,
jeupe, na mwanzoni lina joto
kama mkate uliotoka tanurini sasa hivi.
Joto liliondoka. Uzito ukalala nawe.

Usiku ule uligonga ukuta kwa hogo, ngo, ngo, ngo,
mpaka Otari wa chumba cha pili akagonga naye kwa hasira.
Ukacheka!
Mara ya kwanza tangu ngazi.
Ikawa desturi: ngo ngo kwetu, ngo ngo kwake,
yule yule Otari asiyemwitikia mtu salamu.

Siku ya tano, muwasho.
Nani aliuleta muwasho duniani, uliuliza,
na kwa nini aufiche ndani?
Uliiba sindano yangu ya kufumia,
nikaikuta imeshazama nusu.
Nikakunyang'anya. Ulilia, nami nikalia, paka akatoka nje.
Baadaye nilileta kikausha nywele, nikakiweka kwenye baridi,
nikapuliza kwenye mdomo wa hogo.
"Bado," ulisema. "Bado. Hapo. Hapo hapo."
Ukasinzia mdomo wazi,
nami nikapuliza hadi mkono ukafa ganzi,
mapazia ya wateja yakiningoja kwenye cherehani.

Kuoga: mfuko wa unga, na mpira wa suruali ya baba yako.
Mguu umesimama nje ya beseni
kama mkono wa mwanafunzi anayejua jibu.

Kisha mwanasesere wako naye akavunjika
bila kuanguka popote.
Nikachana kipande cha pazia, nikakoroga unga na maji,
na wewe ukamshika mkono wake wa nguo.
"Itauma kidogo," ulimwambia, "halafu itaacha."
Ulikuwa unamwambia yeye.
Ulikuwa unanitazama mimi.

Tangu hapo nimejifunza lugha upya, nikiwa na miaka thelathini na sita:
Sijui.
Hii itauma, hesabu hadi kumi.
Leo hatutaweza kwenda kwenye bembea,
na hata mimi inaniudhi.
Ulinihesabia kila neno kama muuza duka mkali,
na polepole, siku baada ya siku,
ukaanza tena kunikopesha.

Siku ya arobaini na mbili, msumeno.
Daktari Zurab aliuwasha, ukanishika shingo kwa mikono miwili.
"Utanikata?"
Nikafungua kinywa niseme hapana. Nikakifunga.
Nikamnyooshea daktari kiganja: anza na mimi.
Chuma kilitetemeka kwenye ngozi yangu, hakikuingia.
"Unatekenya," nilikwambia. "Ila kelele zake ni mbaya. Kelele ni mbaya kweli."
Ukakichukua kiganja changu, ukahesabu vidole.
Vitano.
Ukahesabu tena, maana hesabu ya mara moja si hesabu.
"Haya," ulisema.

Ulitoka mguu mwembamba, wenye magamba na vinyweleo,
ukauliza ni wa nani.
Ni wako, nilisema. Umechoka kulala. Utatembea, ila si leo.
Ulilikumbatia hogo tupu kwenye basi, ukakataa mtu asiliguse.

Na usiku, kutoka ng'ambo ya ukuta: ngo, ngo.
Kimya.
Ngo, ngo, polepole zaidi, kama mtu anayeuliza hali.
Ukanitazama; mguu wako mpya haukuwa na sauti.
Nikaamka, nikaokota nusu ya hogo chini ya kitanda,
nikakupa.